Kukompaili Injini ya Michezo: Somo kwa Wanaoanza

Wanafunzi wengi wa chama chetu cha kompyuta wameniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Mwalimu, michezo hii ya simu hutengenezwaje, na je, sisi tunaweza kutengeneza yetu?" Sehemu ya pili ya swali ina jibu fupi: naam, tunaweza. Sehemu ya kwanza ina jibu refu, na katika makala haya nitaeleza kipande chake kimoja tu, ambacho aghalabu hurukwa na walimu na wanafunzi pia. Nacho ni hiki: jinsi ya kuyachukua maandishi ya injini ya michezo, kama yalivyoandikwa na watu, na kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi mbele ya macho yako. Kazi hiyo huitwa kukompaili.

Wako watakaosema ya kuwa kazi hii si ya vijana wa sekondari, bali ni ya mainjinia wa Chuo Kikuu. Sikubaliani nao. Haihitaji hesabu ngumu. Yahitaji subira, kusoma kwa makini, na kuandika amri herufi kwa herufi. Mwanafunzi anayeweza kufuata maelezo ya jaribio la kemia bila kuruka hatua aweza pia kukompaili programu kubwa.

INJINI YA MICHEZO NI NINI?

Fikiri juu ya mchezo wa bao uliotengenezwa kwa kompyuta. Mtengenezaji wake sharti aandike sheria za bao: kete ngapi katika kila shimo, nani ana zamu, na lini mchezaji hula. Lakini kuna kazi nyingine ambazo si za bao peke yake. Picha sharti ichorwe kwenye skrini mara nyingi kila sekunde. Sauti sharti isikike. Kidole kikigusa kioo, programu sharti itambue kimegusa wapi. Kazi hizi zimo katika mchezo wa bao, wa mpira, wa magari, na mwingine wowote. Kama kila mtu angeziandika upya, angezeeka kabla ya kufika kwenye kete ya kwanza. Kwa hiyo watu wameziandika mara moja na kuziweka pamoja, na mkusanyo huo ndio huitwa injini ya michezo.

Katika somo hili nimechagua injini iitwayo Godot. Ilianzishwa na watu wawili wa nchi ya Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, ambao kwanza waliitumia katika kazi zao wenyewe. Mwezi Februari 2014 waliyatoa maandishi yake yote hadharani. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2014, na toleo la 4.0 likatoka Machi 2023. Tangu maandishi yalipofunguliwa, watu wengi wa nchi mbalimbali wameongeza kazi zao humo.

Maandishi hayo yametolewa chini ya leseni iitwayo MIT. Kwa ufupi, leseni hiyo yasema: unaruhusiwa kuyatumia, kuyanakili, kuyabadili, hata kuyauza, maadamu nakala zako zinabeba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Tena yasema ya kuwa hakuna dhamana. Kikiharibika kitu, walioandika hawadaiwi. Programu ya namna hii huitwa programu huria.

MAHINDI NA UNGA

Yafaa sasa tuelewe tofauti ya mambo mawili, kwa maana asiyeielewa atakuwa akipiga amri kama kasuku.

Watu huandika programu kwa lugha ambayo binadamu aliyefundishwa aweza kuisoma. Sehemu kubwa ya Godot imeandikwa kwa lugha iitwayo C++. Maandishi hayo ndiyo mahindi. Kompyuta haili mahindi mazima. Prosesa yake yaelewa amri fupi fupi za tarakimu tu, na tarakimu hizo ndizo unga. Mashine ya kusaga ni programu iitwayo kompaila.

Ukipakua Godot iliyo tayari, umepewa unga. Waweza kupika ugali na ukashiba, wala si vibaya. Mtu atakaye kutengeneza mchezo wa kawaida hana haja ya kusaga mwenyewe. Walakini unga hauwi mahindi tena. Huwezi kuuchambua ukaondoa punje iliyooza, wala huwezi kuupanda. Mwenye mahindi aweza kufanya hayo yote. Aweza kurekebisha kosa alilolikuta, kuondoa sehemu asiyoihitaji, kuongeza jambo ambalo hapa kwetu linatakiwa na kwingine halikufikiriwa, na kujua kwa hakika programu yake imetokana na maandishi gani.

Hapo ndipo nilipo na jambo la kusema. Leseni imetupa haki ya kubadili maandishi, sisi sawasawa na mtu wa Buenos Aires au wa London. Lakini haki hiyo haina faida kwa mtu asiyejua kusaga. Mtu huyo atangoja unga wa wenziwe siku zote, na ukija na mchanga ataula na mchanga wake. Kukompaili ndiko kunakoifanya haki iliyo kwenye karatasi kuwa uwezo ulio mkononi.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Nitaeleza kwa kompyuta inayotumia Linux ya namna ya Ubuntu, kwa kuwa hupatikana bure na hukubali hata mashine za kale kidogo. Yatakiwa prosesa ya biti 64, kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, na nafasi ya gigabaiti kadhaa katika diski. Intaneti yahitajika mwanzoni tu, wakati wa kupakua.

Vyombo vyenyewe ni hivi:

1. Kompaila ya C++, ambayo ndiyo kinu.
2. Python, lugha ambayo chombo kinachofuata kimeandikwa kwayo. Kwa kawaida Ubuntu huja nayo.
3. SCons, ambaye ni msimamizi wa kazi. Ndiye anayejua faili zipi zisagwe, kwa utaratibu gani, na zipi zimekwisha kusagwa.
4. Git, chombo cha kuchukua maandishi na kutunza kumbukumbu za mabadiliko yake.
5. Maktaba za kuchora madirisha, za sauti, na za kutambua vifaa.

Fungua dirisha la amri, uandike haya, na baada ya kila amri ubonyeze kitufe cha kuingiza:

sudo apt update

sudo apt install git build-essential scons pkg-config libx11-dev libxcursor-dev libxinerama-dev libgl1-mesa-dev libglu1-mesa-dev libasound2-dev libpulse-dev libudev-dev libxi-dev libxrandr-dev libwayland-dev

Amri hiyo ya pili ni mstari mmoja, hata kama ukurasa wa gazeti umeukata. Neno "sudo" maana yake ni kuomba mamlaka ya mwenye mashine, nawe utaulizwa neno la siri. Katika mashine za shule, hatua hii ifanywe na mwalimu au kwa idhini yake. Hatua zote zinazofuata hazihitaji mamlaka hayo.

KUCHUKUA MAANDISHI

Sasa twachukua mahindi yenyewe:

git clone --depth 1 -b 4.3-stable https://github.com/godotengine/godot.git

Tuisome amri hii neno kwa neno. "Git clone" ni kuomba nakala. "--depth 1" ni kusema: nipe maandishi kama yalivyo katika toleo hili tu, usinipe historia ya kila badiliko tangu 2014. Usiliache neno hili, kwa sababu historia ile ni mzigo mzito, nawe utamaliza kifurushi cha intaneti bure. "-b 4.3-stable" yataja toleo tulitakalo, lile lililotolewa Agosti 2024. Matoleo mengine yamekwisha kufuata, na njia ya kuyakompaili ni ile ile; kwa anayeanza, lililo muhimu ni kuchagua toleo lenye jina la "stable", yaani lililotulia, wala si maandishi yanayobadilika kila siku.

Madhali leseni yaruhusu kunakili, si lazima kila mwanafunzi apakue nakala yake. Mmoja na apakue, kisha folda nzima inakiliwe kwa diski ndogo ya mkononi na kupelekwa kwenye mashine nyingine. Kwa njia hiyo chumba kizima cha kompyuta chapata maandishi kwa gharama ya mtu mmoja.

Ingia ndani ya folda, utazame kilichomo:

cd godot
ls

Utaona folda nyingi. "Core" ni msingi wa injini. "Scene" ni vitu ambavyo mtengenezaji wa mchezo huvipanga. "Servers" ni watumishi wa kuchora, wa sauti na wa elimumwendo. "Editor" ni ofisi ambamo mtengenezaji hufanyia kazi. "Platform" ni sehemu zinazohusu kila aina ya mashine. "Modules" ni nyongeza zinazoweza kutolewa au kuwekwa, na "thirdparty" ni kazi za watu wengine zilizokopwa kwa ruhusa. Fungua faili mojawapo uisome. Hutaielewa yote, wala si neno. Kumbuka tu ya kuwa iliandikwa na mtu aliyekaa kitini kama wewe.

KUSAGA

Ukiwa ndani ya folda hiyo, andika:

scons platform=linuxbsd target=editor -j2

"Platform" ni aina ya mashine tunayoisagia. "Linuxbsd" ni jina ambalo Godot huliita Linux na jamaa zake. "Target=editor" ni kusema twataka ofisi kamili ya kutengenezea michezo. "-j2" ni idadi ya kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Mashine yenye viini vinne na kumbukumbu nyingi yaweza kupewa "-j4". Mashine yenye kumbukumbu ndogo ipewe "-j2", au hata "-j1".

Mistari mingi itaanza kupita, mingi yake ikiwa na neno "Compiling" na jina la faili. Kila faili ya C++ yasagwa peke yake na kuwa kipande. Baada ya vipande vyote kuwa tayari, lakuja neno "Linking", yaani kuunganisha. Hapa nitaacha mfano wa unga na kutumia wa fundi cherehani. Fundi kwanza hukata mikono, kola na mgongo, kila kipande mbali. Kisha huvishona pamoja ikawa shati. Kuunganisha ndiko kushona. Kipande kikiwa kimekatwa vizuri lakini kikakosa mwenzake, shati halitatimia, na kiunganishi kitalalamika kwa maneno "undefined reference": kimetajiwa mkono, nacho hakiuoni mezani.

Kazi hii yaweza kuchukua dakika chache katika mashine yenye nguvu nyingi, na saa moja au zaidi katika mashine dhaifu. Usikae ukiitazama. Ukihitaji kuizima kabla haijaisha, bonyeza Ctrl pamoja na C, uingoje isimame yenyewe. Ikisimamishwa kwa utaratibu huo, SCons huandika katika daftari lake vipande vilivyokwisha, na kesho utaendelea ulipoishia. Umeme ukikatika ghafula, huenda daftari hilo lisiandikwe, na vipande vilivyokwisha vikasagwa upya. Kwa hiyo mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ni busara kuisimamisha kwa hiari kila baada ya muda, kisha kuipa amri ile ile tena.

Kazi ikifaulu, utaona maneno haya mwishoni:

scons: done building targets.

Injini yako imo katika folda ya "bin". Iendeshe hivi:

./bin/godot.linuxbsd.editor.x86_64

Dirisha litafunguka, nawe waweza kuanza kutengeneza mchezo. Sasa ifunge, kisha uiulize jina lake:

./bin/godot.linuxbsd.editor.x86_64 --version

Itajibu hivi: 4.3.stable.custom_build, ikifuatwa na herufi na tarakimu zinazotambulisha maandishi yaliyotumika. Zile zilizosagwa na wenye Godot huandikwa "official" mahali hapo. Yako imeandikwa "custom_build", maana yake imesagwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni wewe.

Wenye kutumia Windows nao hawakusahauliwa. Sharti waweke kompaila ya C++, Python na SCons, na mahali pa "linuxbsd" waandike "windows". Mengine hayatofautiani sana.

KUSOMA MAKOSA

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo wengi huachia njiani. Skrini yajaa maneno ya Kiingereza, mengine mekundu, na mwanafunzi afunga kompyuta akisema, "Kazi hii si ya watu kama sisi." Huu si ukweli. Maneno yale hayakutukani. Ni taarifa, na kila taarifa ina mahali pake pa kusomwa.

Kanuni kubwa ni hii: soma kosa la kwanza, usisome la mwisho. Mstari wa mwisho aghalabu ni huu:

scons: building terminated because of errors.

Mstari huo ni kama kengele ya kumaliza kipindi. Haukuambii jambo gani lilitokea darasani. Sababu iko juu, pengine mistari mingi juu, kwa kuwa kazi nyingine zilikuwa zikiendelea sambamba. Tena kosa moja huzaa makosa ishirini. Ukilitengeneza lile la kwanza, mengine huondoka bila kuguswa.

Ili usipoteze kosa la kwanza, agiza maneno yote yaandikwe katika faili, kisha ulitafute:

scons platform=linuxbsd target=editor -j2 2>&1 | tee matokeo.txt
grep -n -m 1 "error:" matokeo.txt

Kosa la C++ huandikwa kwa utaratibu mmoja: jina la faili, namba ya mstari, namba ya herufi katika mstari, kisha neno "error" na maelezo. Umeonyeshwa nyumba, chumba, na kitanda. Kilichobaki ni kwenda kuangalia.

Yako makosa mengine ambayo anayeanza hukutana nayo sana, nayo hayahusu C++ hata kidogo:

"command not found". Chombo ulichokitaja hakijawekwa, au umekosea tahajia yake. Rudi kwenye orodha ya vyombo.

"No SConstruct file found". Hukuingia ndani ya folda ya godot kabla ya kumwita SCons. Andika "cd godot", uanze tena.

"Killed signal terminated program cc1plus". Hili huwatisha wengi, wakadhani maandishi ya Godot yana kasoro. Sivyo. Kumbukumbu ya mashine imejaa, na Linux imelazimika kuiua kompaila ili mashine isizame yote. Dawa yake ni kufunga programu nyingine na kupunguza kazi za wakati mmoja hadi "-j1". Mwenda pole hajikwai.

ZOEZI LA KWANZA: KUVUNJA KWA MAKUSUDI

Mtu hujifunza kusoma makosa upesi zaidi akiyasababisha mwenyewe. Fungua faili "main/main.cpp" kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida. Tafuta mstari mmoja unaoishia kwa nukta mkato, usioanza kwa mistari miwili ya mshazari, kwa kuwa yenye mishazari hiyo ni maelezo ambayo kompaila haiyasomi. Futa nukta mkato hiyo, uhifadhi faili, na umwite SCons tena.

Utaona mambo mawili. Kwanza, kompaila itakataa, na itakutajia faili ile na mstari ule au wa jirani yake. Pili, na hili ni la kuangalia sana, haitasaga faili zote upya. SCons hupiga hesabu juu ya yaliyomo katika kila faili na kupata alama yake, mfano wa alama ya kidole. Alama isipobadilika, kipande cha zamani chatumika. Ndiyo maana usagaji wa kwanza ni mrefu, na ule unaofuata badiliko dogo ni mfupi.

Sasa rudisha faili kama ilivyokuwa:

git checkout main/main.cpp

ZOEZI LA PILI: KUWEKA JINA LENU

Fungua faili iitwayo "version.py". Humo mna mstari huu:

name = "Godot Engine"

Ndani ya alama za mtajo weka jina la darasa lenu, kwa mfano "Injini ya Kidato cha Tatu". Usiuguse mstari wa "short_name", kwa kuwa huo hutumika katika majina ya folda za kuhifadhia mipangilio. Hifadhi faili, msage tena, muiendeshe. Katika dirisha la amri, jina lenu litatokea mwanzoni, likifuatwa na namba ya toleo, na katika kichwa cha dirisha la injini pia litaonekana.

Ni badiliko la maneno machache, wala halifanyi injini kuwa bora. Lakini lathibitisha ya kuwa mnyororo wote u mikononi mwenu: mmefungua maandishi, mmeyabadili, mmeyasaga, na kilichotoka kimefuata kalamu yenu. Njia hiyo hiyo hutumiwa na anayerekebisha kosa kubwa la kuchora picha. Tofauti ni ujuzi wa C++, na ujuzi huo hupatikana kwa kusoma. Tena mkumbuke ya kuwa mkiwapa watu wengine injini hiyo, sharti tangazo la hakimiliki na leseni viandamane nayo. Kubandika jina lenu juu hakuwafanyi kuwa waandishi wa kazi ya wenzenu.

NENO KWA WAZAZI

Wako wazazi wanaosikitika kumwona mtoto mbele ya mchezo wa kompyuta, na mara nyingi wana haki, kwa maana saa zinazopotea hapo hazirudi. Nawaomba watofautishe kucheza na kutengeneza. Katika kazi niliyoieleza, mtoto husoma Kiingereza cha ufundi kwa lazima, huzoea kufuata utaratibu, na hujifunza kutafuta chanzo cha tatizo badala ya kulalamikia tatizo. Wala haihitaji ada: Linux, kompaila, SCons na Godot hupatikana bure. Gharama zilizopo ni umeme, intaneti ya siku ya kwanza, na kupata mashine ya kufanyia kazi, ambayo yaweza kuwa ya shule. Mzazi akiona mtoto ameiacha kompyuta ikisaga kwa saa nzima huku akisoma kitabu chake pembeni, asiizime. Na aulize kwanza.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya maandishi ya asili na programu iliyokompailiwa. Toa mfano wako mwenyewe, usitumie wa mahindi.
2. Kwa nini usagaji wa pili huwa mfupi kuliko wa kwanza?
3. Mashine ina viini vinane lakini kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Mwanafunzi aandika "-j8", na kazi yauawa katikati. Nini kimetokea, na ungemshauri nini?
4. Kwa nini yapasa kusoma kosa la kwanza kabla ya la mwisho?
5. Leseni ya MIT yakuruhusu mambo gani, na yakutaka ufanye nini?
6. Fanya zoezi la kwanza kwa faili tatu tofauti. Nakili katika daftari kila kosa ulilolipata, uandike chini yake kwa Kiswahili maana yake.

Majibu ya swali la sita yaletwe kwangu katika chumba cha kompyuta. Nakusudia kuyakusanya yawe orodha ya makosa yenye maelezo ya Kiswahili, nasi tuitundike ukutani, ili mwanafunzi wa mwaka ujao anapokutana na maneno yale mekundu akute wenziwe wamekwisha kuyasoma.